Konekta ya paipu ya petroli imevunjika juu ya tangi, Hilux ya 2006. Nikate niunge mpira?

MbogaMgeta
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijaharibu zaidi.

Nina Hilux ya 2006, petroli, injini 2TR. Nabebea mboga kutoka Mgeta kushuka Morogoro mjini mara tatu kwa wiki. Wiki mbili zilizopita pampu ya mafuta ilikufa, fundi akashusha tangi akafunga nyingine. Konekta ya plastiki inayoshika paipu pale juu ya pampu ilikuwa imegandana na vumbi, akaichokonoa kwa bisibisi bapa mpaka sikio moja la kufuli likakatika. Hakuniambia. Alirudishia, akakaza kwa waya, juu akapaka gundi ya chuma.

Jana tukiwa mlimani mke wangu akasema ananusa petroli. Nikapaki, nikalala chini na tochi: juu ya tangi pamelowa, tone linateleza ubavuni kuelekea upande wa ekzosi. Tena siku hizi asubuhi gari inachelewa kuwaka, napiga stata mara tatu.

Fundi mwingine anasema akate konekta, achomeke mpira na klipu mbili, elfu kumi na tano tumalize. Ni salama? Gari hii ndiyo inasomesha watoto, lakini sitaki kumuunguza mtu.

FundiTangi
Mkuu, usiiwashe tena mpaka itengenezwe. Isukumeni nje, mbali na jiko na mbali na nyumba.

Hiyo ni EFI, injini inayonyunyiziwa mafuta kwa mfumo wa umeme, na mafuta yanasukumwa kwa presha ya takriban bar 3, si mchezo wa kabureta. Gundi haishiki kwenye nailoni. Waya nao unavuta upande mmoja, konekta inakaa mshazari, oringi ya ndani (ile pete ya mpira inayozuia kuvuja) haibani sawasawa, mafuta yanapita hapo. Na kuchelewa kuwaka huenda ni hilo hilo: presha inakimbia usiku, asubuhi pampu inaanza kujaza upya.

Mpira unaweza kufaa, swali ni mpira upi na unavaa juu ya nini. Soma maandishi ubavuni: SAE J30R9 ndio wa EFI. Ulioandikwa R7 ni wa presha ndogo, muuzaji akikwambia "yote ni mamoja" ondoka. Halafu mpira hauvalishwi juu ya paipu laini ya nailoni, utachomoka tu. Unahitaji kiungio chenye meno.

Kirinyaga254
Pole sana ndugu. Mimi nilifanya hiyo ya mpira juu ya nailoni kwa Nissan yangu. Ilidumu miezi minne, ikachomoka nikiteremka Mai Mahiu. Nilisimama kwa bahati, barabara nyuma yangu yote ilikuwa imelowa petroli. Na zile klipu za kukaza kwa bisibisi zenye mashimo zilikuwa zimeutafuna mpira. Tumia klipu za EFI, zile za mkanda usio na matundu na kingo zilizokunjwa.

Ushauri wangu: usirithi shida. Tafuta konekta nzima na kipande chake cha paipu kutoka gari la mtumba. Nenda na kile kilichovunjika mkononi, ukilinganishe hapo hapo dukani.

MbogaMgeta
Asanteni sana. Nimeiegesha. Tangi lina karibu nusu, kulishusha tena naogopa.

FundiTangi
Usishushe tangi. Legeza bolti za bodi ya nyuma, chomoa soketi ya taa, fungua shingo ya kujazia mafuta, wanaume wanne wainyanyue. Utaiona pampu kama unatazama sufuria.

Ila kabla ya hapo gari ipoe usiku kucha. Asubuhi chomoa fyuzi ya pampu, fungua kifuniko cha tangi mvuke utoke, toa hasi ya betri. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu, simu ziwe mbali.

Konekta ikigoma tatizo ni mchanga kwenye kufuli. Piga brashi na maji kwanza. Kisha isukume NDANI kidogo, bana masikio, ndipo uvute. Mafundi wengi wanaanza kwa kuvuta, na kufuli linazidi kuuma. Oringi mpya ipake petroli kidogo, sukuma mpaka usikie "tak", halafu ivute kwa nguvu kuhakikisha imeshika. Na oringi ya bomba la maji usiiweke hapo hata kwa siku moja, petroli itaivimbisha.

MbogaMgeta
Mrejesho, wakuu. Nimepata kipande cha mtumba pale Gerezani, Dar, kina konekta nzima na paipu yake, elfu arobaini na tano, oringi mpya mbali. Bodi tulinyanyua na vijana wa jirani. Ile gundi ilibanduka kwa kucha, kipande kizima kama gamba la yai, chini yake waya umeshaichimba nailoni karibu kutoboka.

Tulipowasha, kijana wangu alikaa na tochi na kitambaa cheupe dakika kumi. Kikavu. Leo asubuhi imewaka kwa stata moja. Jioni nitakipitisha tena kitambaa, na nikishuka na mzigo wa kabichi Jumatano nitasimama katikati ya mlima nikague kabla ya kuendelea.