Taa ya nje ya jirani: iwekewe sheria, au kila mtu na ukuta wake?

Asiyelala: Wakuu, naombeni mawazo. Jirani yangu amefunga taa kubwa ya LED ukutani, nyeupe pe, imetazama mbele badala ya chini. Geti lake inalimulika kidogo. Dirisha la chumba wanacholala wanangu inalimaliza lote. Nimemwomba mara mbili aiinamishe, kanijibu kwa upole kwamba usalama kwanza. Sisemi azime. Nauliza: iwepo sheria kwamba mwanga wako uishie kwenye mpaka wa kiwanja chako? Kelele za usiku zinakatazwa, moshi unakatazwa. Mwanga je?

Ukuta Wangu: Taa yangu, umeme wangu, ukuta wangu. Nimeibiwa mara mbili, sitaki mtu anipangie. Nunua pazia zito ulale.

Mama Watatu: Pazia! Hakuna mjadala wa mwanga asitokee mtu wa pazia. Yaani yeye aongeze taa, mimi nizibe dirisha, watoto wakose hewa ndani ya nyumba yao? Mtu akimwaga maji machafu uani kwako utanunua mabuti?

Ukuta Wangu: Maji machafu yanaleta magonjwa. Mwanga haujamuua mtu.

Msomaji wa Usiku: Kuua sijui, kuumiza unaumiza. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na mwanga zinaoushika zaidi ni wa bluu. LED nyeupe sana imejaa bluu. Mwili ukipigwa nao usiku unapunguza melatonini, ile homoni ya usiku. Ndiyo maana chama cha madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba taa za barabarani zisizidi kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, bluu inazidi). Na sheria zipo, mkuu. Ufaransa tangu 2013 taa za vioo vya maduka zinatakiwa zizimwe saa 7 usiku. Uingereza mwanga ni kero kisheria tangu 2005.

Kifungu kwa Kifungu: Ilipitishwa 2005, ikaanza kutumika 2006. Na soma mpaka mwisho, ndugu: viwanja vya ndege, bandari, reli na magereza havimo. Wenye taa kubwa kuliko zote wameachwa, mwenye balbu moja ndiye wa kushtakiwa. Mimi naunga mkono sheria, lakini si ya namna hiyo.

Mama Watatu: Hivyo ndivyo zinavyoandikwa siku zote.

Ukuta Wangu: Ndiyo nilichokuwa nasema! Na niwaambie, taa ndiyo mlinzi wa kweli. Huyu wa kuajiriwa ikifika saa 8 usiku anakoroma.

Zamu ya Usiku: Hapo umenigusa, bwana. Nimekesha lindoni miaka 11. Taa kama hiyo yako ndiyo inayotupofusha. Nikitoka kwenye mwanga wake nikazunguka nyuma ya nyumba, macho yanataka karibu nusu saa kulizoea giza vizuri. Pembeni yake kivuli ni cheusi tii. Anayetaka kujificha anasimama hapo hapo, ananiona mimi, mimi simwoni. Nipe taa ndogo yenye kofia, imetazama chini: naona geti, naona na uso wa anayekuja. Ila sisi hatuulizwi. Taa zinafungwa, tunaambiwa tukae chini yake.

Msomaji wa Usiku: Na mtu mzima inamsumbua zaidi. Lenzi ya jicho ikizeeka inautawanya mwanga. Mzee akitazama upande wa taa kali haioni hata ngazi iliyo mbele yake.

Ukuta Wangu: Miaka 11 hujawahi kusinzia? Sema kweli.

Zamu ya Usiku: Nimewahi. Usiku mmoja, mwanangu alikuwa amelazwa na nilishinda naye mchana kutwa. Asubuhi nilimwambia msimamizi mwenyewe kabla hajauliza. Sasa na wewe sema kweli: siku ulizoibiwa, taa ilikuwepo?

Ukuta Wangu: Mara ya pili ilikuwepo. Waliingilia nyuma.

Mama Watatu: Eti walinzi wanakoroma. Mtu anapigishwa zamu mbili mfululizo, analipwa kiduchu na kwa kuchelewa, halafu anatukanwa. Mngewalipa vizuri msingehitaji taa za uwanjani.

Kifungu kwa Kifungu: Dada, turudi kwenye mwanga. England na Wales kuna utafiti wa 2015, halmashauri 62. Zilipunguza au kuzima taa za barabarani usiku, na watafiti hawakuona ushahidi kwamba uhalifu umeongezeka.

Ukuta Wangu: New York je? Mwaka 2016 walipeleka minara ya taa kwenye nyumba za umma, uhalifu wa nje usiku ukapungua. Mbona huo hamuutaji?

Kifungu kwa Kifungu: Ni kweli ulipungua. Lakini minara ile na hizo za barabarani zote ni za umma. Hapa tunazungumzia ya ukutani, inayotazama kitanda cha mtoto wa mtu.

Zamu ya Usiku: Mama Watatu, asante. Watu hawajui kwamba mlinzi akiugua zamu yake inakatwa. Hilo nalo liwekewe sheria.

Mama Watatu: Lianze hilo. Tena likizo mnapewa?

Zamu ya Usiku: Kwenye karatasi ipo.

Asiyelala: Jamani, za walinzi nakubali zote. Ila ni saa 5 usiku na chumba cha wanangu ni kama mchana. Ukuta Wangu, sikujui wala hunijui, lakini ungekuwa wewe ndiye jirani yangu, ungeiinamisha?

Ukuta Wangu: Ukija na watoto wako ukaniambia, naiinamisha usiku huo huo. Ukija na karatasi ya sheria, inabaki ilivyo.