Mafundi wa fotokopi hapa Nairobi, kuchomoa karatasi si kutengeneza mashine!

Wadau, hii tabia imezidi. Karatasi inanasa kwenye mashine, ofisi inaita fundi, anafungua mlango wa pembeni, anachomoa karatasi, anafunga, anapangusa mikono na kuandika risiti. Kesho asubuhi inanasa palepale. Anaitwa tena, analipwa tena. Kazi ya kuokota karatasi hata mesenja anaiweza!

Kabla ya kushika bisibisi, tazama ncha ya mbele ya karatasi imeishia wapi. Kama haijatoka kwenye trei, au zimetoka mbili zimegandana, shida ni rola ya kuvuta au ile ya kutenganisha. Zipapase kwa kidole. Mpira mzima unashika ngozi. Uliokwisha unang'aa na kuteleza kama kokoto ya mtoni. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa maji kidogo. Siku chache zikipita ikirudia, badilisha, na zibadilishwe zote kwa mkupuo. Ukiweka ya kuvuta mpya ukaacha ya kutenganisha iliyochakaa, zitaingia mbilimbili. Wanaofuta kwa petroli au thina wanaua mpira, na wa msasa hao tusiwataje.

Ikitoka imekunjamana kama marinda ya sketi, angalia mlango wa kutokea wa fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi: mara nyingi zile kucha za kubandua karatasi zimejaa tona (wino wa unga) iliyoganda. Zima, chomoa waya ukutani, subiri nusu saa, maana joto la fyuza hufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Na kisu kikae mbali! Ukikwaruza ile ngozi ya fyuza, kila ukurasa utatoka na alama inayojirudia kwa umbali uleule.

Sasa nyinyi wa ofisini, msicheke. Karatasi ikinasa mnaivuta kinyumenyume kwa mkono mmoja, kwa hasira, inachanika. Kipande kidogo kama ukucha kinabaki chini ya kilimi cha sensa, kile kiplastiki kinachoinuka karatasi ikipita. Kilimi hakishuki, mashine inaamini karatasi bado imo, inapiga kelele hata trei zikiwa tupu. Vuta kwa mikono miwili, kuelekea inakokwenda karatasi, ukizungusha kile kitasa chenye rangi. Ikichanika, panga vipande mezani mpaka A4 itimie. Pembe ikikosekana, iko ndani: tafuta kwa tochi ya simu. Ikiwa imetimia na kelele haziishi, sukuma kilimi kwa kidole. Kisiporudi chenyewe, springi yake imechomoka.

Jingine linalokula pesa za watu ni saizi. Faili nyingi za kupakua huja zikiwa Letter, saizi ya karatasi ya Wamarekani, milimita 279 kwa urefu, na A4 ni 297. Reli ya nyuma ya trei ikikaa kwenye alama ya Letter, A4 inachelewa kupita sensa kwa milimita 18, mashine inahesabu imenasa na kusimama. Hakuna kilichoharibika! Sogeza reli, badilisha saizi kwenye kompyuta. Lakini kuna fundi atakuuzia fyuza hapo.

Halafu rimu. Masika ya Machi hadi Mei mnazifungua na kuziacha kwenye sakafu ya saruji. Karatasi inanyonya unyevu, ikifika kwenye fyuza maji yanageuka mvuke, inajikunja na kuingia isikotakiwa. Iacheni kwenye ganda lake mpaka siku ya kutumika, juu ya rafu. Pepeta kabla ya kuweka, usipite mstari wa kikomo wa trei, na usichanganye rimu mbili za uzito tofauti.

Na fundi asilipwe kabla hajapitisha karatasi 50 kutoka kila trei, pande zote mbili, mwenye ofisi akiwa amesimama hapo. Akisema ana haraka, arudi jioni amalizie.