Naomba ushauri: nianze na programu ipi ya mtandaoni ili niwe mchambuzi wa data?

Karani wa Mvomero

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni karani wa takwimu katika kituo cha afya wilayani Mvomero, na kazi yangu kubwa ni kukusanya madaftari ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kila mwisho wa mwezi, kujumlisha, kisha kuingiza taarifa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Elimu yangu ni stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nina hamu kubwa ya kuvuka kutoka kuingiza takwimu hadi kuzichambua, kwa sababu naona namba tunazozituma wilayani zina mengi ya kusema, na sisi tunaozijaza hatuulizwi.

Kinachonishinda ni kuchagua. Nimeona cheti cha Google na cha IBM, vyote vipo kwenye jukwaa la kozi la Coursera, nimeona programu ya mafunzo ya ALX na kozi za bure za freeCodeCamp, pamoja na matangazo mengi ya walimu wa WhatsApp wanaoahidi ajira baada ya wiki chache. Excel naitumia kila siku, lakini SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata) na Python (lugha ya kuandikia programu) sijawahi kuzigusa. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, intaneti nanunua kwa kifurushi, na muda nilionao ni usiku watoto wakishalala. Naomba wenye uzoefu mnieleze nianze na ipi, na kama vyeti hivi vinatambuliwa na waajiri wa hapa kwetu.

Mchambuzi wa Makole

Ndugu Karani, hao wanaoahidi ajira kwa wiki chache achana nao. Mengi wanayoyauza yanapatikana bure. Pili, usijihesabu kuwa mgeni katika fani hii. Nimefanya kazi na vijana waliomaliza kozi nzuri sana, ila ukiwawekea fomu ya mwezi mbele yao hawatofautishi sifuri na kisanduku kilichoachwa wazi. Wewe unajua kwamba sifuri inasema huduma ilikuwepo na hakuna mgonjwa wa aina hiyo aliyefika, ilhali kisanduku kitupu huenda kinasema tu kwamba hakuna aliyejaza. Unajua pia, au utalijua ukichunguza, kwamba DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka kipengele husika kiwe kimepangwa kuihifadhi, na hapo ndipo wachambuzi wengi wa ofisini wanapopotea.

Kwa hiyo ningeanza na SQL, kisha ningerudi kwenye data za afya. Chuo Kikuu cha Harvard kina kozi ya hifadhidata katika mfululizo wake wa kozi za kompyuta uitwao CS50, iliyotoka mwaka 2023, ambayo ni bure pamoja na cheti chake cha msingi, mradi ukamilishe mazoezi na mradi wa mwisho. Video unaweza kuzipakua kwa kifurushi cha usiku ukazitazama baadaye. Sehemu kubwa ya kozi hutumia SQLite, programu ya hifadhidata ambayo ni nyepesi na haitaielemea kompyuta yako.

Nikupe mfano mmoja ili uone kwa nini naipa SQL uzito huu. Chukua jedwali lenye orodha ya vituo vyote vya wilaya na jedwali la pili lenye taarifa zilizopokelewa mwezi huo. Ukiyaunganisha kwa INNER JOIN, kila kituo ambacho hakikutuma taarifa kinatoweka kwenye jibu bila onyo lolote, na wastani unaobaki ni wa vituo vilivyotuma peke yake. Ukitumia LEFT JOIN kwa kuanza na orodha ya vituo, wale walionyamaza wanabaki wakionekana na nafasi tupu mbele ya majina yao. Mganga mkuu wa wilaya akipelekewa jedwali la kwanza, anaweza kupeleka chanjo mahali pasipo na upungufu. Jambo hili linahitaji mtu anayejua vituo vyenyewe, na mtu huyo ni wewe.

Sambamba na hilo, pitia kozi za msingi za DHIS2 zinazotolewa bure mtandaoni na Chuo Kikuu cha Oslo, ambako mfumo wenyewe unaendelezwa. Ipo inayohusu uchambuzi pekee.

Nyota ya Kisumu

Nakubaliana na Mchambuzi kuhusu SQL, ila nina wasiwasi kwamba mtu anayesoma peke yake usiku, akiwa amechoka, anahitaji mpangilio unaomshika mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, na cheti cha Google kina mpangilio huo. Tangu kilipozinduliwa mwaka 2021 kilijengwa juu ya majedwali, SQL, Tableau (programu ya kuchora chati) na R, lugha ya programu inayotumika kwa takwimu. Cha IBM kinatumia Python, na kwa matangazo ya kazi ninayoyasoma huku Kenya, naiona Python ikitajwa zaidi kuliko R. Malipo ya Coursera ni ya kila mwezi, hivyo anayekawia hulipa zaidi. Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta kwenye ukurasa wa kozi sehemu ya kuomba msaada wa ada na ueleze hali yako kwa ukweli na kwa kirefu.

Mzee wa Changanyikeni

Swali la vyeti halijajibiwa. Nafasi za serikalini zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hutaka stashahada au shahada kutoka chuo kinachotambuliwa, na cheti cha mtandaoni hakichukui nafasi hiyo. Ukitaka njia hiyo, ulizia Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, hapa Dar es Salaam. Mashirika yasiyo ya kiserikali ni habari nyingine: wengi wao hukuweka mbele ya kompyuta, hukupa faili chafu la Excel na muda mfupi, kisha hutazama unavyolisafisha na unavyoeleza ulichokiona.

Karani wa Mvomero

Nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na SQL pamoja na kozi za DHIS2. Je, kwa mradi wa kuwaonyesha waajiri, naweza kutumia data za kituo chetu nikiondoa majina ya wagonjwa?

Mchambuzi wa Makole

Hapana, ndugu yangu, na hapa nakusihi kwa dhati. Katika kijiji kidogo, umri, tarehe na aina ya ugonjwa vinatosha kumtambulisha mtu hata jina likiwa limefutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zaidi ya sheria, mama aliyekuja kliniki hakuja ili awe mfano katika maombi yako ya kazi. Kumbuka pia kwamba kazi unayoichapisha kwenye Tableau Public huonekana na kila mtu.

Tumia data zilizotolewa kwa umma. Matokeo ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, yanapatikana kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na data za utafiti wa demografia na afya huombwa kwa kueleza unataka kuzifanyia nini. Chagua swali dogo linalotokana na kazi yako, kwa mfano mahudhurio ya kliniki ya wajawazito kwa kila mkoa, uandike kurasa mbili: wa kwanza kwa Kiswahili ambacho mganga mfawidhi wako atausoma bila kuuliza, wa pili ukionyesha hatua zote za usafishaji na amri za SQL ulizotumia. Power BI Desktop, programu nyingine ya kuchora chati, ni ya bure, lakini huduma yake ya mtandaoni haikubali kujisajili kwa Gmail, kwa hiyo picha za chati ziweke ndani ya faili la PDF.