Mjadala: Je, mzazi aadhibiwe kwa utoro wa mtoto wa darasa la kwanza msimu wa korosho?

Mtoa mada (Newala)

Ndugu zangu wa Kusini, naleta mada hii msimu wa korosho ukiwa unakaribia, kwa sababu ndiyo miezi ambayo wazazi wa watoto wadogo huitwa kwa mtendaji wa kijiji kujieleza kuhusu utoro. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inampa mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria bila kukatiza hadi amalize, na asiyetimiza wajibu huo anaweza kufikishwa mahakamani. Sheria hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni kuitumia kwa namna moja kwa mwanafunzi wa darasa la sita anayekimbia vipindi, na kwa mtoto wa awali au wa darasa la kwanza ambaye hakuamua lolote, bali amemfuata mama yake shambani.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba kaya nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi, hata Nachingwea na Ruangwa, hushinda kwenye mikorosho, na wenye mashamba ya mbali hulala hukohuko kibandani. Korosho haisubiri: inaanguka yenyewe pamoja na bibo lake, na ikilala chini mvua ikaikuta, inabadilika rangi na kushuka daraja, na bei ya mnadani inashuka nayo. Jando na unyago tumeanza kuvipeleka wakati wa likizo, jambo ambalo naliunga mkono kabisa, lakini mavuno hayana likizo. Mama mwenye mtoto mdogo hapo anabanwa na sheria mbili kwa pamoja, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi anapoondoka ahakikishe mtoto yuko na mtu anayeweza kumtunza. Asiye na bibi wala shangazi wa kumwachia afanyeje? Akimwacha kijijini, amemtelekeza; akienda naye, amemfanya mtoro.

Napendekeza hivi: mtoto wa awali hadi darasa la pili ambaye familia yake imehamia shambani kwa msimu apewe barua ya mwalimu mkuu, apokewe kwa muda katika shule iliyo karibu na shamba, hata ikiwa ni shule shikizi, yaani tawi dogo lililo chini ya shule mama, na mahudhurio yake ya huko yahesabiwe shuleni kwake. Faini ibaki kwa mzazi aliyefunguliwa njia hiyo akaikataa.

Mchangiaji, mwalimu wa darasa la pili (Tandahimba)

Ndugu mtoa mada, umemtetea mzazi vizuri, ila mtoto umempitia juujuu. Miaka hii ya mwanzo ndiyo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyeondoka tukifundisha silabi za «mba» na «nda» anarudi wenzake wanasoma habari fupi, na kuanzia hapo anakaa kimya nyuma ya darasa, akiitikia kwa kuigiza midomo ya wenzake. Tena tuambizane ukweli: wengi wao hawaendi kukaa kivulini. Nawapokea wakiwa na sare zenye madoa ya bibo ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Sheria hiyohiyo ya Mtoto imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, nasi tunaona kawaida mtoto wa miaka 7 kutenganisha korosho na mabibo kutwa nzima kwa kuwa shamba ni la baba yake. Naogopa barua yako itageuka kibali cha kwenda kuokota.

Mtoa mada

Mwalimu, nakushukuru. Hoja ya silabi naikubali yote, na ndiyo inayonifanya nitake mtoto huyo apokewe mahali badala ya mzazi wake kutozwa. Shauri likifika kwa mtendaji mwezi wa Novemba, faini hulipwa fedha za mnada zikishaingia, na wakati huo shule zinakaribia kufungwa; mtoto hajarudi darasani hata siku moja kwa sababu ya faini hiyo. Kuhusu kuokota, barua itaje shule ya kupokea na siku ya kuripoti, ili asipofika walimu wakuu wawili wawe wanajua na mzazi awajibishwe mapema. Leo jina lake linabaki kwenye rejesta ya shule moja tu, na hakuna anayejua aliko.

Linalonisumbua zaidi ni darasa la shule inayopokea, ambalo mara nyingi limejaa tayari. Hapo naona halmashauri ziguswe, kwa kuwa zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu: sehemu yake iwalipe posho walimu wa kujitolea katika shule zilizo kando ya mashamba kwa miezi hiyo tu.

Ningependa wa Liwale na Kilwa, ambako watu huhamia mashamba ya ufuta, watueleze: je, walimu wakuu wa huko wamewahi kupokeana watoto kwa barua, na rejesta ya shule ya kwanza iliandikwaje?