Mwalimu kamkosesha mwanangu kwa sababu eti "run" ni kukimbia tu!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza ambayo sitaitaja. Wiki iliyopita walipewa sentensi za kutafsiri, mojawapo ikisema Mto Rufiji "runs" hadi Bahari ya Hindi. Mtoto akaandika "unatiririka". Mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu, juu yake kaandika "unakimbia".

Nikaenda shuleni. Nikafunuliwa kamusi ya mfukoni: run, kimbia. Kesi imefungwa, mzazi rudi nyumbani.

Haijafungwa! Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno hilo, kitenzi peke yake kilifikisha maana 645. Peter Gilliver, aliyekabidhiwa kazi hiyo, ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa kwa neno moja, halafu mtoto wangu anahukumiwa kwa mstari mmoja wa kamusi ya mfukoni?

Tena hiyo ya kutiririka si maana iliyodandia juzi. Imo tangu Kiingereza cha kale. Wajerumani wana ndugu zake mpaka leo: rinnen ni kutiririka, rennen ni kukimbia. Zamani vilikuwa vitenzi viwili, kimoja cha kitu kinachokwenda chenyewe, kingine cha kukifanya kiende. Kwa Waingereza vikamezana vikawa kimoja, ndiyo maana kwao mtu "ana-run" barabarani na mwingine "ana-run" duka. Sisi hatuna shida hiyo. Tuna kimbia na kimbiza, enda na endesha. Mwisho wa kitenzi ukibadilika kidogo tu, maana imehama. Utajiri huu ndio tunaoufuta kwa wino mwekundu!

Na madhara yake nayaona kila siku, maana mimi kazi yangu ni kutafsiri. Naletewa rasimu nizisahihishe, nakuta mtu "alikimbia urais". Kwa Kiswahili huyo kautoroka! Aligombea, jamani. Nimekuta daktari "anakimbia hospitali mbili", kumbe anaziendesha. Khanga rangi yake inachuja, soksi inafumuka, pesa zinatuishia, makamasi yanamtoka mtoto. Kote huko Mwingereza ana neno moja. Bibi yangu ambaye hakukanyaga darasa alikuwa na yote hayo mdomoni.

Sidai alama moja ile. Nataka mwalimu amwambie mtoto mbele ya wenzake kwamba alipatia. Mpaka leo hajamwambia.

Jana nimefungua daftari lake la mazoezi. Kulikuwa na sentensi ya mtoto mwenye mafua. Ameandika "pua yake inakimbia". Nikamuuliza, mwanangu, kwani sisi nyumbani tunasema hivyo? Akanijibu: "Hapana baba, ila mwalimu ndivyo anavyotaka."