MJADALA: Kunasa pakiti za kadi ya mtandao kwa C#, tuwafundishe vijana au tuwafungie?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Jana kwenye darasa letu la jioni hapa Kijitonyama tumebishana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humo. Mwenzangu ninayefundisha naye anataka somo la kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) liondolewe kabisa kwa wanaoanza. Anasema zamani kuifikia kadi ya mtandao kulitaka ujue lugha ya C, pointa (anwani za kumbukumbu) na draiva (programu inayoendesha kifaa), na ugumu huo ndio uliokuwa kufuli. Leo kijana mwenye wiki 3 za lugha ya C# anachukua SharpPcap, maktaba ya kodi iliyoandikwa tayari, anaandika mistari michache, anasoma kila baiti inayopita kwenye kadi yake.

Mimi nasema tufundishe. C# yenyewe haigusi kadi, inapiga hodi tu. Kwenye Windows anayefungua mlango ni draiva ya Npcap, iliyorithi kazi ya WinPcap (toleo la mwisho la WinPcap lilitoka 2013). Kwenye Linux kuna maktaba ya libpcap juu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Anayetaka kuzuia azuie hapo: wakati wa kusakinisha Npcap kuna kisanduku cha kutiki ili msimamizi wa kompyuta peke yake ndiye anase, na Linux bila ruhusa ya CAP_NET_RAW huambulii kitu.

Halafu hofu imezidi. Mkiwa kwenye swichi (kifaa kinachounganisha mashine kwa waya), kadi yako inapata pakiti zako na zile zinazotangazwa kwa wote, basi. Wiki iliyopita tulinasa dakika nzima darasani. Tulichoona zaidi ni ARP, mashine zinaulizana "anwani hii ni ya nani?" tena na tena. Kijana mmoja akasema, "Ticha, kumbe ni umbea wa printa tu."

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Kariakoo:
Mkuu, hapo kwenye swichi umepita haraka mno. Hiyo ARP unayoiita umbea ndiyo mlango wa wizi, maana haina namna ya kuthibitisha anayejibu. SharpPcap haisomi tu, inatuma pia. Kijana wako akiongeza mistari kadhaa, laptopu yake inajitangaza kuwa ndiyo rauta, na pakiti za ofisi nzima zinapitia kwake. Utaniambia HTTPS, ile njia ya tovuti yenye usimbaji, inaficha yaliyomo. Sawa, lakini maswali ya DNS ya kawaida, yale ya kuulizia anwani ya jina la tovuti, yanapita wazi, kwa hiyo bado atajua nani anaingia tovuti gani.

Nina duka. Vijana wa stoo wanatumia waifai ileile ya mashine ya mauzo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi umeandika kwa lugha gani. Kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa. Siku akikamatwa, akiulizwa nani alimfundisha, atakutaja wewe.

Fundi, Mwenge:
Nyote mnazungumzia wezi. Mimi naogopa waaminifu wasiojua wanachofanya. Vijana wanaambiwa kwamba lugha inayojisimamia kumbukumbu, kama C#, ni salama, basi wanaamini usalama huo unashuka nao hadi chini. Haushuki.

Kuna ofisi Mikocheni, kwa idhini ya maandishi ya bosi, niliiandikia programu ya kuonyesha mashine ipi inamaliza bando. Sikutumia SharpPcap, nilijifanya mjuaji nikaita maktaba ya pcap moja kwa moja kutoka C#. Ilikimbia vizuri dakika kadhaa, kisha ikafa kimya, bila hata kosa la kusomeka. Siku 2 sijalala. Kumbe nilikuwa nimeipa pcap anwani ya kitendo (kipande cha kodi yangu) cha kuita kila pakiti inapofika, lakini upande wa C# hakuna aliyeendelea kukishika. Mfagizi wa kumbukumbu wa C#, anayefuta visivyotumika, akaona takataka, akafagia. Pakiti iliyofuata ikabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa. Dawa ilikuwa mstari mmoja.

Nikaihamishia Linux ya biti 64, ikaanza kuniambia kuna pakiti za baiti 600,000, wakati fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba 1500! Muhuri wa saa unaotangulia kila pakiti ni baiti 8 kwenye Windows, kule ni 16. Nilikuwa nasoma mikrosekunde nikidhani ni urefu.

Kwa hiyo wafundisheni, ila C itangulie.

Mleta mada:
Fundi, C ikitangulia nusu ya darasa wataacha, nawajua. Ila hayo makosa yako mawili naomba niyaibe niwape kama zoezi, wayatafute wenyewe.

Ndugu yangu wa Kariakoo, kwenye kutuma umenibana. Kusoma kutabaki, kila mtu kadi yake. Kudanganya ARP tutakufanya kwenye swichi ndogo yenye mashine 3, bila waya wowote wa kwenda nje. Kulificha somo hilo siwezi, kwa sababu ninyi wenye maduka mtamwajiri nani wa kugundua kwamba rauta mbili zinadai anwani moja?

Mchangiaji, Kariakoo:
Na wakirudi nyumbani na laptopu zao? Hapo bado hujanijibu. Ila mchana huu nimemwita mtu, mashine ya mauzo imepata mtandao wake peke yake na stoo wao. Sikutaka kusubiri mmalize kubishana.