Mstaafu wa polisi akirudi kazini kwa muda, mji nao ulipe mchango

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: miji midogo ya Marekani inayokosa askari iruhusiwe kuwaajiri tena polisi waliostaafu, kwa saa chache, huku wakiendelea kupokea pensheni zao? Waliotangulia kuchangia mjadala huu wamegawanyika. Wapo wanaosema huko ni kula kuwili kwa kodi ya wananchi. Wengine wanasema mtu aliyekwisha fundishwa, anayeujua mji na yuko tayari kuvaa sare tena, kumkatalia ni kujitesa bure. Mimi niko na hawa wa pili, ila nina sharti moja ambalo sijaona likiguswa, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tupige hesabu, maana bila hesabu tutagombana hewani. Mwaka una saa 8,760. Mji unaotaka gari moja tu la doria, askari mmoja ndani yake, usiku na mchana, hauna budi kuzijaza saa zote hizo. Askari wa kudumu wa saa 40 kwa wiki anatoa saa 2,080 kwa mwaka, na hapo hujamtolea likizo, ugonjwa, mafunzo na siku anazokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Gari moja, basi, linataka watu watano hivi. Mji wa watu elfu mbili utawalipaje watano, pamoja na bima zao za afya? Ndiyo sababu miji ya aina hii imeishi miaka mingi kwa askari wa muda. Na kijana anayepelekwa chuo cha polisi kwa gharama ya mji, akishakomaa, jiji la jirani linalolipa vizuri humchukua, na mji unaanza upya.

Massachusetts wanalijua hili vizuri. Sheria ya mageuzi ya polisi iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2020 iliwataka askari wa muda wafikie kiwango kilekile cha mafunzo cha askari wa kudumu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Dereva anayesimamishwa saa nane za usiku hawezi kujua kama huyo mwenye bastola ni wa muda au wa kudumu, na wala isiwe juu yake kujua. Lakini mzigo uliangukia miji midogo, kwa sababu askari wao wa muda ni watu wenye ajira nyingine mchana, na si kila mmoja angeweza kubeba masomo hayo. Mstaafu aliyepitia chuo kamili anaonekana mkombozi hapo. Hata kabla ya sheria hiyo, miji ya jimbo hilo ilikuwa ikipeleka maombi bungeni Boston, mmoja baada ya mwingine, ipitishiwe sheria yake maalumu ya kuwateua polisi wake wastaafu kuwa askari maalumu, hasa kwa kazi za kusimamia magari panapokarabatiwa barabara. Sheria nzima kwa mji mmoja! Hiyo peke yake inaonyesha jinsi uhitaji ulivyo mkubwa na jinsi mlango ulivyo mwembamba.

Sasa kanuni za pensheni zenyewe. California, kwa walio chini ya CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo hilo, mstaafu haruhusiwi kuzidi saa 960 kwa mwaka wa fedha. Wastaafu wengine husubiri siku 180 kabla ya kurudi, lakini polisi na zimamoto wamesamehewa kungoja huko. New York wanapima kwa fedha: tangu 2020 aliye chini ya miaka 65 anaweza kulipwa na mwajiri wa umma hadi dola 35,000 kwa mwaka bila pensheni yake kuguswa. Massachusetts wanapima kwa vyote viwili, saa 1,200 kwa mwaka na kikomo cha jumla ya mshahara na pensheni.

Tazameni kanuni hizi zote zinaangalia wapi: mfukoni mwa mstaafu. Kwangu mimi, hapo ndipo tulipopotea. Pensheni ni ujira wa kazi iliyokwisha fanywa, uliocheleweshwa kulipwa. Polisi wa New York aliye kwenye mpango wa miaka 20 na aliyeanza akiwa na miaka 22, akistaafu kwa nusu mshahara bado ni mtu wa miaka 42. Akiendesha lori hakuna anayemuuliza kitu. Akilinda benki, vilevile. Mfuko unamlipa kiasi kilekile akivua samaki au akiwa doria. Anapozivaa sare za mji mdogo ndipo tunaanza kupiga kelele.

Kinachobadilika kiko upande wa mwajiri. Nafasi ya askari wa kudumu huingiza fedha kwenye mfuko wa pensheni kila mwezi, makato yake na mchango wa mji. Nafasi hiyohiyo ikishikwa na wastaafu wawili wa saa 960 kila mmoja, yaani saa 1,920 kwa pamoja, mji umepata karibu kazi ya mtu mmoja mzima. California, kwa mfano, mstaafu wa namna hiyo hachangii mfuko wala mwajiri hamchangii. Bima ya afya pia mara nyingi anayo ya kustaafu. Ikiwa ni kuziba pengo la miezi sita, sawa. Ila ikirudiwa mwaka wa tano, wa sita, ile nafasi imekufa. Kijana ambaye angeajiriwa hayupo, mchango wake haupo, na mfuko unaolipa wastaafu wa leo unategemea wachangiaji wachache zaidi. Mfuko ukiwa wa jimbo zima, pengo hilo linabebwa na miji mingine ambayo imejibana ikaajiri watu wa kudumu. Anayekula kuwili hapo ni mji.

Kwa hiyo sharti langu: kila dola anayolipwa mstaafu, mji uilipie mfuko mchango kwa asilimia ileile unayomlipia askari wa kudumu. Si jambo la kubuni. Arizona tayari wana kiwango mbadala cha mchango ambacho mwajiri hulipa anapomtumia mstaafu. Mji ukilipa hivyo, mimi sioni tena sababu ya kumhesabia mzee wa watu saa zake kwa saa ya mkononi.

Kuna aliyependekeza pensheni isimamishwe tu muda wote mstaafu anapokuwa kazini. Namheshimu, lakini hatarudi mtu. Kikomo cha New York kinawahusu waajiri wa umma wa New York. Akivuka mpaka akavaa sare Pennsylvania, hakimgusi. Tutakuwa tumewafukuza watu wetu wakawatumikie majirani.

Wanaopinga wana haki mahali pawili, na sitaki kupapita haraka. Mtu kustaafu Ijumaa na kurudi Jumatatu kwenye kiti kilekile, kwa makubaliano ya chinichini, hakustaafu. Sheria ya kodi ya shirikisho inataka utengano wa kweli na kazi, na mpango wa pensheni unaochezea hilo unahatarisha hadhi yake ya kupewa nafuu ya kodi, hadhi inayowalinda wanachama wote. Mkuu wa kituo kurudi kwenye ukuu wake kwa mkataba wa muda, hilo nalikataa kabisa.

La pili ni historia ya mtu. Mji wenye shida ya watu una haraka, na haraka hiyo ina gharama. Mwaka 2022 mji mdogo wa Tioga, Pennsylvania, ulimwapisha afisa yule aliyempiga risasi na kumuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, huko Cleveland mwaka 2014. Hakuwa mstaafu. Alikuwa amefukuzwa kazi Cleveland kwa kudanganya kwenye fomu ya maombi ya kazi. Wakazi waliandamana, naye akajiondoa baada ya siku chache tu. Mstaafu naye asamehewe uchunguzi kwa sababu tu anafahamika? Hapana. Faili lake lote la nidhamu lisomwe kabla ya kiapo, na afya yake ipimwe.

Najua swali linalokuja: mji usioweza hata huo mchango ufanye nini? Pennsylvania ipo miji mingi isiyo na polisi wake, inayohudumiwa na polisi wa jimbo, na mingine imeunganisha vikosi na majirani. Ningependa wanaoishi penye vikosi hivyo vya pamoja watuambie: usiku, ukipiga simu, gari linachukua muda gani kufika?